Mkunga Mkuu wa Usalama wa Taifa

Nchi ya Mbwembwe msiitafute kwenye ramani. Mimi mwenyewe niliitafuta nikachoka. Waliokwenda na kurudi wanasema ni nchi ndogo, upana wake maili tisa tu, upande mmoja vilima na upande wa pili kijito ambacho mbuzi akitaka huvuka bila kulowa tumbo. Ng'ambo ya kijito ni nchi ya watu wengine. Basi yaliyotokea huko ndiyo nitakayoyasimulia, na atakayejiona ndani yake ajue macho yake yana kasoro. Mimi simo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, Mtaa wa Mfenesini, aliishi mkunga mmoja jina lake Bi. Sikudhani. Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, mkali wa ulimi, umri wake miaka sabini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyepata kumsikia akikiri kwamba amekosea jambo. Hata akitia chumvi mara mbili alisema ni mchuzi ndio umebadilika. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, na nyuma uwanja mpana wenye mfenesi alioupanda kwa mkono wake mwenyewe akiwa msichana wa miaka ishirini. Duniani alipenda vitu viwili: nyumba hiyo na mkate wa Yakoub.

Yakoub alikuwa mwoka mikate, tanuri lake mlango wa tatu kutoka kwa mkunga. Kila asubuhi alimletea mkate mmoja wa nazi ulioungua chini, kwa sababu ndivyo Bi. Sikudhani alivyoutaka, ingawa mteja mwingine yeyote angemrudishia kwa matusi.

"Shikamoo, shangazi. Mkate wako huu, nimeuharibu kama kawaida."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie kuharibu."

Walikuwa wakisalimiana hivyo kwa miaka ishirini na minane, na wangeendelea hivyo hadi mmoja afe, kama nchi isingetishiwa.

*

Kitisho chenyewe kilitoka kwenye mikate. Siku moja Waziri wa Usalama wa Viwanja, Vyumba na Varanda, Mheshimiwa Makame Tondozi, alikwenda kukagua kambi ya jeshi. Akamuuliza Brigedia ana askari wangapi. Brigedia akapiga saluti, akajibu kwamba idadi hiyo ni siri kubwa ya taifa, hata yeye hajaambiwa.

Yakoub alikuwa mlangoni anashusha makapu.

"Mia mbili na kumi na saba, Mheshimiwa," akasema kwa adabu. "Ila wawili wanaumwa matumbo, hawali tangu juzi."

Waziri aliingiwa na baridi. Siri ya jeshi zima, iliyofungiwa ndani ya makabati matatu ya chuma, kumbe iko kichwani mwa mtu aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi! Akamuuliza kwao ni wapi. Yakoub, ambaye hakuzaliwa na kipaji cha kuficha, akanyoosha kidole ng'ambo ya kijito. Alivushwa mgongoni mwa mama yake akiwa na miaka mitatu.

Juma lile lile Waziri alisimama bungeni.

"Waheshimiwa!" akanguruma. "Adui wa siku hizi haji na mzinga. Anakuja na unga! Anakanda! Anasubiri uumuke! Anahesabu! Leo amejua idadi ya jeshi letu kwa mikate. Kesho, Waheshimiwa, atatujua sisi kwa maandazi!"

Wabunge, ambao kwa maandazi hawakuwa na mpaka, walitetemeka vitini. Sheria ikapita: mgeni haruhusiwi kumiliki wala kukalia kiwanja, nyumba, chumba, banda wala kivuli ndani ya maili kumi kutoka kambi ya jeshi. Mpimaji wa Serikali alijaribu kueleza kwamba nchi yenyewe ina upana wa maili tisa. Akaambiwa usalama hauna upana, na kama anaona nchi haitoshi, aseme ni nani aliyemtuma. Basi ilani za kuhama zikapelekwa mpaka ng'ambo ya kijito, kwa watu waliokuwa wamekaa zao kwenye nchi yao. Nao walizipokea kwa shukrani, wakawashia moto.

Ilani nyingine ilibandikwa kwenye kaburi. Karibu na kambi alikuwa amezikwa mpima reli mmoja wa kigeni, aliyekufa kwa homa zamani sana, naye alimiliki futi sita kwa tatu akiwa amelala kuelekea kwenye lango la jeshi. Alipewa siku thelathini. Zilipokwisha bila majibu, kwenye faili lake pakaandikwa: *Mkaidi. Hana ushirikiano.*

*

Likabaki swali dogo: mgeni ni nani? Vitambulisho vilikuwepo, lakini vilikuwa vikiuzwa sokoni jirani na vitunguu, na Waziri mwenyewe alikuwa navyo vinne, kimoja cha mwanamke. Wabunge walibishana siku mbili. Siku ya tatu, saa sita na nusu mchana, harufu ya pilau ikiwa imeshaingia ukumbini, mbunge mmoja akapiga kelele:

"Mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Ni kweli, na kila mtu alikuwa amelisikia neno hilo kwa bibi yake. Mwanasheria wa Serikali, aliyesomea ng'ambo kwa miaka minane na kurudi na koti, akalitia kwenye kifungu cha nne: *Mwananchi ni yule ambaye kitovu chake kimezikwa katika ardhi ya mwananchi.* Likapita kabla wali haujapoa. Hakuna aliyejiuliza chake kiko wapi.

Walipokuja kujiuliza, wote walijikuta njiani kuelekea kwa Bi. Sikudhani.

Ilikuwa hivi. Desturi ya watu wa Mbwembwe ni ile ile ya wengi: kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa nyumbani kwao. Lakini mjini watu wengi walikuwa wapangaji, na wenye nyumba wa mji ule walikuwa wakali. Mpangaji alikatazwa kupiga msumari ukutani, seuze kuchimba uwanja. Kwa hiyo akina mama walimwambia mkunga, "Kizike kwako, bibi, tutakuja kukichukua tukijenga." Hawakujenga. Miaka hamsini Bi. Sikudhani alikuwa akizika vitovu uwanjani kwake, kwa matuta kama mihogo, na kila kimoja alikijua kilipo bila kuandika popote.

Na Serikali yote ilitoka mtaa ule mmoja. Mawaziri, wakurugenzi, Brigedia, wabunge wa vijiji ambavyo walivifikia wakati wa kampeni tu, wote walizaliwa Mfenesini, tena wengi kwa mama wadogo na mama wakubwa wa tumbo moja. Tangazo la Serikali lilikwisha kueleza kwamba hiyo ni sadfa tu.

Waziri Tondozi alimpa Bi. Sikudhani cheo cha Mkunga Mkuu wa Usalama wa Taifa. Akampa muhuri, kofia yenye utepe wa dhahabu, na karani. Karani huyo aliitwa Chambuso, mtu mtaratibu wa miaka hamsini, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akiandika barua za kuomba kiti chenye mgongo. Faili lake lilikuwa linashughulikiwa. Alikuja na kigoda chake, akakiweka chini ya dirisha la jiko, akafungua daftari.

*

Msione nchi ikiwa na foleni mkadhani haina furaha. Foleni ya kwa mkunga ilikuwa na raha yake, hasa kwa Bi. Sikudhani.

"Wewe tuta la tano, karibu na banda la kuku," alimwambia Brigedia mbele ya askari wake. "Ulitanguliza makalio, ukatutesa tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Na mpaka leo naona jeshi unaliendesha hivyo hivyo."

Brigedia akapiga saluti kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Waziri Tondozi alifika na magari saba. "Tuta la pili," akasema Bi. Sikudhani, akimtazama kwa chini ya kofia. "Ulizaliwa kimya kabisa. Tukakupiga kofi ndiyo ukalia. Laiti tungejua, tungekuacha na ukimya wako."

"Mama Mkunga anapenda utani," Waziri aliwaeleza waandishi wa habari.

"Gonga, Chambuso," akasema Mama Mkunga.

Wahenga walisema cheo ni dhamana. Bi. Sikudhani aliona cheo ni kofia. Alipika nayo, akafagia nayo, na jirani mmoja aliapa kwamba aliiona ikitoka bafuni. Hati zilifika elfu tisa, na hata moja haikuwa ya uongo. Kwa hilo nampa haki yake.

Ndipo siku moja akaja Yakoub, mkate kwapani, ilani ya kuhama mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Panga foleni, mwanangu."

"Nimepanga tangu alfajiri." Akashusha sauti. "Shangazi, wanataka tanuri na vyumba vya nyuma. Mpwa wake Waziri ameshakuja kupima kwa hatua pa kuweka meza za baa. Mama yangu ana miaka themanini na mitano, nimpeleke wapi? Kule ng'ambo hatuna hata ndugu wa kusingizia. Niandikie tuta moja tu. Lolote. Hata lile linalokojolewa na paka."

Bi. Sikudhani alimtazama. Alimpenda Yakoub, jambo hilo lisibishaniwe. Lakini alikuwa na kofia kichwani, na nyuma ya Yakoub kulikuwa na watu mia wamekodoa macho.

"Mimi siandiki uongo, Yakoub," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Sijakuzalisha mimi. Kitovu chako si cha huku. Anayefuata!"

Yakoub aliikunja ilani. Aliuweka mkate juu ya meza, akauegemeza vizuri usianguke, akaondoka.

Nyani haoni kundule. Maana mlango wa jiko la Bi. Sikudhani ulitazama kijito, na ng'ambo ya kijito palikuwa na mkwaju mkubwa, na chini ya mkwaju huo ndiko kilikozikwa kitovu cha Bi. Sikudhani mwenyewe. Mama yake alivuka kwenda kumtazama dada yake, uchungu ukamshikia huko huko, akarudi baada ya arobaini na mtoto kifuani. Bi. Sikudhani alilijua hilo tangu ana miaka sita. Ila hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuona sababu ya kujibu asiloulizwa.

*

Tanuri lilifungwa siku ile ile kwa utepe mwekundu. Yakoub na mama yake walipewa siku thelathini za kufunga mizigo. Mji ukakaa bila mkate. Askari wakapewa biskuti zilizoletwa na mpwa wa Waziri, ngumu kiasi kwamba mmoja aliitumia kukazia mlango wa lindo.

Bi. Sikudhani alikunywa chai kavu. Siku ya kwanza alisema si kitu. Siku ya nne alimfokea Chambuso kwa kupumua. Siku ya kumi alipika uji, akautazama, akaumwaga. Niseme wazi: alikuwa anaona haya, na haya ilikuwa ni kitu kigeni kwake, hakujua inavuliwaje. Kofia alianza kuiacha msumarini.

Siku ya ishirini na saba, foleni ikiwa imekwisha, Chambuso alikohoa kidogo juu ya kigoda chake.

"Mama, imebaki fomu moja."

"Ya nani tena? Mji mzima nimeshaumaliza."

"Ya mwenye kiwanja hiki." Akaangalia vidole vyake. "Yaani wewe, Mama. Na sheria inataka shahidi anayekuzidi umri."

Bi. Sikudhani aliitazama fomu. Akatazama vyumba vyake vitatu, akatazama mfenesi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye kisima chake alikuwa amekipigia muhuri mara elfu tisa. Katika dunia nzima aliyemzidi umri na kujua habari ya kuzaliwa kwake alikuwa amebaki mtu mmoja tu, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na mitatu siku ile chini ya mkwaju, akichemsha maji. Mtu huyo aliitwa Bi. Chausiku. Alikuwa mama yake Yakoub.

*

Siku ya ishirini na tisa Kamati ya Vitovu iliketi uwanjani kwa mkunga kumsikiliza shahidi, katikati ya matuta. Baraza zima la Mawaziri lilikuwepo, maana chai ilitangazwa. Brigedia alikuja na kikosi. Mpwa wa Waziri naye alikuwepo, akipima uwanja kwa hatua. Alikuwa ameamua kwamba hapo patafaa kwa maegesho ya wateja wa baa.

Yakoub alimleta mama yake kwa mkokoteni wa mikate. Mizigo yao ilikuwa humo humo: mkeka, sufuria tatu, kanda la ngozi, taa. Kesho yake walikuwa wa kuvuka.

"Bibi," akaanza Waziri, amejinyoosha. "Mbele ya taifa linalotetemeka kwa kusubiri, tueleze: kitovu cha huyu Sikudhani kilizikwa wapi?"

Bi. Chausiku alikuwa mkavu na mdogo, macho yake mawili bado makali. Aliyazungusha uwanjani taratibu. Bi. Sikudhani aliinamisha kichwa. Alijua neno linalomstahili, na alijua lilivyo, kwa kuwa alilitunga mwenyewe: *mimi sisemi uongo.* Alingoja lije.

"Hapa hapa," akasema Bi. Chausiku. "Chini ya mfenesi ule. Shimo nilichimba mimi, kwa jembe la baba yangu."

Mawaziri walishusha pumzi. Chambuso aliacha kuandika. Alikuwa anakumbuka kwamba mfenesi ule, kwa maelezo yaliyomo daftarini mwake, ulipandwa na Bi. Sikudhani mwenyewe akiwa na miaka ishirini. Akafunika daftari kwa kiwiko, akatazama kuku.

"Basi," akasema Waziri kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa maegesho. "Mkunga ni mwananchi. Gonga. Na wewe bibi, kesho asubuhi uwe umehama."

"Nimeshafunga mizigo, baba," akasema Bi. Chausiku. "Yakoub, nipandishe."

Yakoub akamnyanyua mama yake kama anavyonyanyuliwa mtoto, akamketisha katikati ya sufuria. Gurudumu likalia. Bi. Sikudhani alilisikia likilia mpaka mlangoni, na moyo wake ukashindwa kuvumilia.

"Anasema uongo!" akapiga kelele.

Gurudumu likasimama.

"Huyu mzee anasema uongo ili nibaki na nyumba yangu, na mimi sikumsemea mwanawe uongo hata wa kidole! Mfenesi huu nimeupanda mimi. Kitovu changu kiko kule!" Akanyoosha mkono kupitia mlango wa jiko, mpaka kwenye mkwaju wa ng'ambo. "Kule! Na mnajua mnachotaka kufanya, kifanyeni. Dada, nisamehe."

Bi. Chausiku akatikisa kichwa juu ya mkokoteni. "Mtoto huyu tangu azaliwe ni kubishana tu," akasema. "Hata kutoka alibishana."

*

Waziri Tondozi aliruka juu kwa furaha.

"Mgeni! Miaka yote hii mgeni alikuwa amekaa katikati yetu! Andika, Chambuso! Nyumba hii ni ya mgeni! Uwanja huu ni wa mgeni! Kila tuta, kila punje ya udongo mnayoikanyaga, ni ardhi ya mgeni!"

Chambuso aliandika yote. Kisha akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, ninaomba kusoma kifungu cha nne. *Mwananchi ni yule ambaye kitovu chake kimezikwa katika ardhi ya mwananchi.*"

"Kifungu kizuri sana. Hata mimi nilikipigia kura."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Sasa hapa umesema ni ardhi ya mgeni."

"Nimesema. Tena narudia!"

"Na chako, Mheshimiwa, kipo tuta la pili."

Waziri alifungua mdomo. Akautazama mdomo wa Waziri wa Fedha, ambao nao ulikuwa wazi. Huyo wa Fedha alikuwa tuta la tatu. Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa tuta la saba, na sasa akawa wa nje kwelikweli. Mpwa alikuwa amesimama juu ya tuta lake mwenyewe, mguu mmoja hewani, hatua haijashuka.

Aliyeshtuka zaidi ni Brigedia. Yeye alikuwa mtu wa amri, na amri ilikuwa wazi: mgeni haruhusiwi kukaa ndani ya maili kumi kutoka kambini, naye alikuwa anakaa kambini. Akajiamuru kuhama. Akajiomba muda. Akajinyima. Mwishowe alijipa siku thelathini, akajipigia saluti, akakaa chini karibu na kuku. Askari wake mia mbili na kumi na saba, wote watoto wa Mfenesini, wakaweka bunduki chini wakiogopa kukutwa nazo, maana mgeni kukutwa na bunduki ni kesi kubwa.

"Hakuna hata mmoja?" akauliza Waziri. "Katika Serikali nzima hakuna hata mmoja aliyezikwa kitovu mahali pengine?"

Chambuso alikohoa.

"Mimi, Mheshimiwa. Nilizaliwa kijijini Mtakuja. Bibi yangu alikizika nyuma ya ghala la mahindi, kwenye shamba letu."

Waziri Tondozi akainuka polepole, akakipangusa kiti chake kwa leso, akakisogeza mbele ya karani. Kilikuwa kiti cha mninga, chenye mito na mgongo mrefu kupita kichwa.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema.

Chambuso alikaa. Akaegemea. Akafumba macho. Kwa muda wa nusu saa nchi ya Mbwembwe haikuwa na serikali, kwa sababu serikali ilikuwa imeegemea.

Alipofumbua macho, Bunge lilikuwa haliwezi kukutana bila yeye, basi alilikutanisha pale pale. Alitoa hoja, akaiunga mkono, akajionya asitoke nje ya mada.

"Futa sheria, ndugu yangu," akanong'ona Waziri, kwa mara ya kwanza akimwita ndugu. "Ifute tu, tuende tukanywe chai."

"Serikali haifuti sheria, Mheshimiwa," akajibu Chambuso, aliyekuwa amekaa nayo miaka kumi na moja. "Ikifuta itaonekana ilikosea. Serikali huboresha."

Akafikiri. Mwezi mzima alikuwa hajala mkate, na njaa humfanya mtu awaze sawasawa.

"Mheshimiwa ulisema bungeni kwamba mtu wa tanuri anatujua sote kuliko jeshi linavyojijua. Kama anatujua, tunahangaika na udongo wa nini? Kifungu cha nne kisomeke hivi: mwananchi ni yule ambaye mwoka mikate anamjua. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," akasema Chambuso.

Ikapita kwa kauli moja.

*

Jumatatu iliyofuata utepe mwekundu ulikatwa, moshi ukapanda tena juu ya Mfenesini, na foleni ikahama na kuzunguka tanuri mara mbili. Yakoub alikaa kwenye meza ya kukandia, muhuri mkono mmoja, unga mpaka kwenye nyusi. Ndani, mama yake alikuwa amekalia mkeka ule ule, umeshafunguliwa, akisimamia.

Yakoub hakuwa mgumu. Alimjua fundi cherehani, mikate miwili na ule wa ufuta siku ya Ijumaa. Alimjua mjane wa mtaa wa pili, nusu mkate kwa kuwa anakula peke yake. Brigedia alimjua, na askari wake wote, wakiwemo wale wawili wa matumbo. Lakini Waziri Tondozi alipofika mezani, Yakoub alimtazama sana, akakuna kichwa.

"Samahani, mzee, wewe sikujui. Namjua dereva wako, ndiye anayekuja. Labda uwe unakuja mwenyewe, asubuhi asubuhi, nikuzoee."

Tangu siku hiyo Waziri alionekana kila alfajiri kwenye foleni na kikapu chake, akijitahidi kujulikana. Mpwa yeye alikuwa mla mkate wa kufungwa karatasi kutoka nchi za mbali; faili lake linashughulikiwa.

Bi. Sikudhani alipanga foleni kwa saa tatu. Hakuvaa kofia, na hakuna aliyempisha. Jua lilimpiga, miguu ikamvimba, na kila hatua moja mbele aliitamani iwe mbili nyuma. Alipofika mezani, Yakoub hakuinua kichwa.

"Jina?"

"Unanijua, Yakoub."

"Sheria inataka jina."

"Sikudhani." Akaushika ukingo wa meza. "Sikudhani mkunga. Mlango wa tatu."

Yakoub akaweka kalamu chini. "Mimi siandiki uongo," akasema.

Bi. Sikudhani alikubali kwa kichwa, akageuka aende zake. Nyuma yake akasikia mlango wa tanuri ukifunguliwa, kitu kikikwanguliwa kutoka chini kabisa, kwenye pembe yenye moto kuliko kwingine. Yakoub alimzunguka akasimama mbele yake, ameshika mkate wa nazi kwa kitambaa. Chini ulikuwa mweusi tititi.

"Shikamoo, shangazi," akasema. "Huu wako. Nimeuharibu kama kawaida."

Bi. Sikudhani aliupokea, ukamchoma vidole, hakuuachia. Machozi yalimtoka mbele ya mji mzima, naye hakusema ni moshi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nilikosea."

Kutoka ndani, juu ya mkeka, ikasikika sauti ya Bi. Chausiku:

"Yakoub! Liandike hilo upesi ugonge na muhuri, maana hatutalisikia tena!"